Marathoni kama kazi: nianze lini, na nini kitabaki mfukoni?

Tangu Mtanzania Alphonce Simbu atwae dhahabu ya dunia ya marathoni jijini Tokyo, Septemba 15, 2025, sisi walimu wa riadha tunaulizwa swali lilelile na vijana na wazazi wao: nianze lini marathoni? Siku ile Simbu na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, ikabidi picha ya mstarini iwatenganishe kwa sekunde 0.03. Wengi walimjua Simbu hapo. Lakini alikuwa wa tano Olimpiki ya Rio 2016, alipata shaba ya dunia London 2017, na Aprili 2025 alikuwa wa pili marathoni ya Boston, Marekani. Kutoka shaba hadi dhahabu ilipita miaka minane.

Kilomita 42.195 huuchosha mwili kiasi kwamba mkimbiaji wa kulipwa hukimbia marathoni mbili kwa mwaka, mara chache tatu. Piga hesabu. Akidumu miaka 10, ana siku kama 20 tu za kuvuna. Malaria ikimshika wiki ya mwisho, miezi mitatu minne ya mazoezi imepotea na nusu ya kipato cha mwaka nayo.

Kuhusu kipato, naomba tuelewane vizuri, maana hapa ndipo familia nyingi hugombana. Mshindi wa pili Boston mwaka 2025 alikuwa na zawadi ya dola 75,000. Kijijini inatangazwa kwamba fulani kapata karibu milioni mia mbili, na wageni wanaanza kuja. Sasa chukua kalamu. Kwa kawaida Marekani hukata kodi ya asilimia 30 kwa mwanamichezo asiye mkazi: dola 22,500 zimeondoka. Wakala mara nyingi huchukua asilimia 15: nyingine 11,250. Zimebaki 41,250, na kocha, mkandaji na gharama za kambi bado hazijaguswa. Isitoshe, zawadi kubwa kwa kawaida hailipwi mpaka majibu ya vipimo vya dawa yatoke, kwa hiyo mtu anaweza kurudi na medali huku akidaiwa nauli.

Vipimo vyenyewe ni sehemu ya kazi. Mkimbiaji aliye kwenye orodha ya kupimwa hutoa taarifa kila robo mwaka: analala wapi, anafanya mazoezi wapi, na ndani ya kila siku anachagua saa moja ambayo lazima akutwe mahali alipotaja. Wengi huchagua saa 11 alfajiri mpaka 12, kabla hawajatoka kukimbia. Mlango unagongwa, anatoa mkojo mbele ya ofisa, anaumimina mwenyewe kwenye chupa A na B, anazifunga. Akienda msibani bila kubadilisha taarifa zile, limehesabika kosa. Makosa matatu ndani ya miezi 12 yanaweza kumfungia miaka miwili, hata kama hajawahi kumeza kitu. Nasisitiza hili kwa sababu linawapata watu waaminifu kabisa, wenye simu iliyoisha bando.

Sasa lile swali la kuanza lini. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mjini Paris mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Marathoni yake ya kwanza ilikuwa Hamburg, 2013. Miaka kumi aliijenga kasi kwanza. Kwa hiyo binti au kijana wa miaka 17 mwenye pumzi nzuri abaki uwanjani na kwenye mbio za nyika, na asishawishiwe na zawadi ya marathoni ya mjini.

Na kama wakala ameshafika nyumbani na mkataba wa Kiingereza, usisaini siku hiyo. Muulize anakata asilimia ngapi, fedha inapitia akaunti ya nani, na ukiumia nani analipa hospitali. Kisha mpelekee mwalimu wako huo mkataba, muusome pamoja ukurasa kwa ukurasa.