Skolashipu ya nje na ruzuku ya chuo: nani hasa anayekata?

"Nimeshinda skolashipu ya dola 5,000, chuo kikapunguza ruzuku kwa kiasi kile kile. Ndiyo sheria ya Marekani." Wazazi wanalisema hili, washauri wa wanafunzi wanalisema, na sehemu ya mwisho si kweli.

Maana ni fupi. Skolashipu ya nje ni ile isiyotoka chuoni wala serikalini: ya kanisa, kampuni, taasisi. Chuo huchukua gharama yote ya mwaka, kikaondoa humo mchango wa familia unaokokotolewa kutoka FAFSA, fomu ya kuombea msaada wa masomo wa serikali ya Marekani. Kinachobaki ndicho uhitaji. Skolashipu huingia ndani ya uhitaji huo, haiufuti mchango wa familia.

Sasa hapo penye mkanganyiko. Serikali inataka misaada inayotolewa kwa uhitaji, ikijumlishwa na skolashipu, isizidi uhitaji. Haiamrishi ruzuku ya chuo ndiyo iguswe. Chukua gharama ya dola 60,000 na mchango wa familia 10,000. Uhitaji ni 50,000, na chuo kimeujaza wote: ruzuku yake 44,000, kazi za chuoni za kulipwa 2,500, mkopo 3,500. Zikija 5,000 za nje, lazima 5,000 zitoke mahali. Chuo kimoja kitafuta mkopo wote na kupunguza kazi kwa 1,500, na mwanafunzi atamaliza mwaka bila deni hilo. Kingine kitashusha ruzuku hadi 39,000, na deni libaki palepale. Vyote viwili vimetii sheria. Kilichotofautiana ni sera ya chuo, na hiyo huandikwa na chuo chenyewe.

Na kama chuo kilitoa 42,000 tu kati ya 50,000, kuna pengo la 8,000. Skolashipu inaweza kuingia humo bila kitu chochote kukatwa. Ndiyo maana vyuo vinavyojisifu kujaza uhitaji wote ndivyo ambako swali hili huuma zaidi.

Maryland, mwaka 2017, ilikuwa jimbo la kwanza kuwekea mipaka vyuo vyake vya umma visikate ruzuku zao kwa sababu hiyo. Kama serikali kuu ya Marekani ingekuwa imelazimisha kukata, jimbo lisingekuwa na la kuzuia.

Kwa anayetoka Nairobi au Dar es Salaam na viza ya F-1, yaani viza ya mwanafunzi wa kigeni, hesabu ya FAFSA haimhusu kabisa, kwa kuwa hastahili msaada wa serikali hiyo. Kwake ni sera ya chuo peke yake.

Kuficha skolashipu hakusaidii: cheki nyingi hutumwa moja kwa moja chuoni, na ikigundulika katikati ya mwaka ankara hubadilika ghafla. Afadhali kuandikia ofisi ya misaada kabla ya kukubali nafasi: "Mnaanza kupunguza mkopo, kazi, au ruzuku?" Jibu likiwa ruzuku, mwombe mfadhili kama fedha zinaweza kusogezwa hadi mwaka ambao pengo lipo. Wengine hukubali. Na atakayesema "serikali imekata", aelezwe kwa upole kwamba aliyechagua cha kukata ni chuo, na chuo kinaweza kuombwa kichague vingine.