Je, wajua kwa nini sensa ya sumaku hujipima yenyewe kwanza?

Kwenye gereji moja pale Unga Limited, Arusha, fundi alifungua mkono wa mafuta wa pikipiki ya umeme (jina limebaki, mafuta hakuna). Ndani mlikuwa na sumaku iliyopinda kama ukucha, na kidude cheusi cha miguu mitatu, kidogo kuliko punje ya hindi.

"Hii ndiyo sensa, kaka," akasema. Si ile ya kuhesabu watu. Ukivuta mafuta, sumaku inasogea, sensa inaarifu mota iende kiasi gani.

Kanuni yake aliigundua Mmarekani Edwin Hall mwaka 1879. Pitisha umeme kwenye bati jembamba, sogeza sumaku, na elektroni zitasukumwa pembeni; volti ndogo itatokea kwenye kingo. Yeye alitumia karatasi ya dhahabu. Siku hizi ni silikoni.

Shida ni kwamba silikoni ni shahidi anayeyumba. Joto huibadilisha, na kubanwa pia. Mbano wenyewe huanzia kiwandani: chipu hufunikwa kwa plastiki ya moto, nyuzijoto 175 hivi, na plastiki ikipoa husinyaa kuliko silikoni, ikaikaba. Kisha plastiki hiyohiyo hunywa unyevu. Masika ikiingia inavimba kidogo, mbano unalegea; kiangazi inakauka, inakaba tena. Sumaku haijasogea hata unywele, lakini jibu limebadilika.

Kwa mkono wa mafuta, kosa la asilimia moja au mbili halimsumbui mtu. Dereva ataongeza mkono kidogo, basi. Lakini sensa inayopima umeme unaotoka kwenye betri ikikosea hivyo, hesabu ya chaji iliyobaki inapotoka kidogo kidogo, na abiria wa Ngaramtoni anamalizia safari kwa miguu.

Sensa hukosea kwa njia mbili. Kosa la kwanza, la kuonyesha volti hata pasipo sumaku, hutibiwa kwa ujanja: umeme hupitishwa kwenye bati kutoka upande mmoja, kisha kutoka upande wa pembeni yake, mara maelfu kwa sekunde. Njia ya umeme ikigeuka hivyo, kosa hugeuka ishara, lakini volti ya sumaku haigeuki. Ukijumlisha, kosa linajifuta.

Kosa la pili ni gumu zaidi: bati kuwa jepesi au zito la kuhisi. Hapo chipu huwekewa kipimajoto, na kando yake rezista (vizuizi vya umeme) za aina mbili. Zote huitikia joto, ila mbano huzigusa kwa viwango tofauti. Ukilinganisha moja na nyingine, na ukijua joto, mbano unajitokeza peke yake. Kikokotoo kilichomo humohumo hurekebisha jibu.

Hesabu hiyo hailingani kwa kila chipu. Kwa zile za usahihi wa juu, kiwanda hupima kila moja, kwenye baridi na kwenye joto, kisha huiandikia namba zake kwenye kumbukumbu. Ndiyo maana mbili zinazofanana kama pacha zinaweza kupishana bei mbali sana dukani.