Nusu sekunde ya Houston na mengine mengi: picha za ngono kwenye matangazo ya michezo, wanachoamini watu na kilichotokea kweli

Kila Super Bowl, yaani fainali ya mpira wa Kimarekani, ikikaribia ubishi huu unarudi, huyu anasema tivii za Marekani zimeoza, yule anajibu kwamba tangu mwanamuziki Janet Jackson aonekane titi hewani kwenye shoo ya mapumziko mambo yote yamebanwa, na hapo katikati zinamwagwa habari ambazo si za kweli ila zimerudiwa sana mpaka watu wanazichukua kama historia. Naziweka hapa zile ninazokutana nazo mara nyingi. Inaniuma kuona mwanamke mmoja kabebeshwa lawama za watu wengi kwa miaka zaidi ya 20, wakati walioshika kamera, leseni na hela hata hawatajwi.

"Janet alisimama kifua wazi mbele ya dunia nzima"

Hapana. Ni tarehe 1 Februari 2004, uwanja wa Reliant pale Houston, mapumziko ya mechi ya New England Patriots na Carolina Panthers. Mwanamuziki mwenzake, Justin Timberlake, anamalizia wimbo wake, ananyoosha mkono, anavuta kipande cha vazi la Janet na titi la kulia linatokeza, na hata hapo chuchu ilikuwa imefunikwa na pambo la chuma lenye umbo la jua. Papo hapo picha ikabadilishwa ikaenda kwa mbali. Mahakamani muda wake uliandikwa kabisa: gawa sekunde moja mara 16, chukua sehemu 9, yaani nusu sekunde na chembe. Upande wa Janet ulieleza kwamba mpango ulikuwa nguo ya juu ivutwe ibaki sidiria nyekundu, na ikatoka yote.

Sasa hiyo "dunia nzima iliona" imetoka wapi? Imetoka kwenye kurudia. Kampuni ya TiVo, wale wa mashine za kurekodi vipindi, walisema ndicho kipande kilichorudiwa na watu kuliko chochote walichowahi kupima. Na Jawed Karim, mmoja wa waanzilishi wa YouTube, alishasema kwamba ugumu wa kuipata ile video mtandaoni ni mojawapo ya vitu vilivyomfanya afikirie tovuti ya kuweka video. Yaani watu waliitafuta wenyewe, wakairudisha nyuma wenyewe, tena na tena, alafu wakasema wameonyeshwa.

Na kuna kitu cha siku ileile ambacho wengi hawakijui kabisa. Kabla tu kipindi cha pili hakijaanza, mwanaume mmoja Mwingereza anaitwa Mark Roberts, mzoefu wa kuvamia viwanja akiwa hajavaa kitu, aliingia uwanjani karibu uchi kabisa akawa anacheza pale katikati mpaka mchezaji wa Patriots, Matt Chatham, akamwangusha chini. Mashabiki elfu sabini wakaona. Nyumbani hakuna aliyeona, kwa sababu kamera ziligeuzwa. Mimi hapa ndo huwa nasimama kidogo, maana inaonyesha wazi kabisa kwamba kinachofika sebuleni kwako kinachaguliwa na mtu aliyekaa kwenye chumba cha kuongozea matangazo.

"Janet alipigwa faini ya nusu milioni"

Hakutozwa hata senti na FCC. Hiyo ndiyo tume inayosimamia redio na televisheni Marekani, na faini zake za mambo ya aibu huwa zinakwenda kwa kituo chenye leseni ya masafa. Septemba 2004 ilitoza dola 550,000, na hesabu yake ni rahisi: dola 27,500 kwa kila kituo, vituo 20 vilivyokuwa mali ya CBS yenyewe, kampuni ya televisheni iliyorusha mechi. Vituo vingine vingi vilivyorusha mechi ileile kwa mkataba na CBS havikutozwa. MTV, chaneli ya muziki, ndio waliotengeneza ile shoo, na wakati huo MTV na CBS zote zilikuwa chini ya kampuni moja, Viacom.

"Basi CBS walilipa, kesi ikaisha"

Kesi haikuisha, ilikwenda miaka nane. Julai 2008 mahakama ya rufaa ya Philadelphia ikaifuta faini ikasema tume kwa miaka karibu thelathini ilikuwa haiadhibu vitu vinavyopita kwa sekunde chache, huwezi kuamka siku moja ukabadilisha msimamo alafu ukamwadhibu mtu kwa kosa la jana. Mei 2009 Mahakama ya Juu ya Marekani ikairudisha kesi chini iangaliwe upya, Novemba 2011 mahakama ileile ya rufaa ikaifuta faini tena, na tarehe 29 Juni 2012 Mahakama ya Juu ikakataa kuisikiliza. Faini ikafa hapo.

Ila wale wanaosema "kwa hiyo mahakama ilihalalisha" nao wamekosea. Jaji Mkuu John Roberts siku ileile aliandika kwamba kuanzia sasa wenye vituo wameshajua, ufupi wa picha hautawaokoa. Na Bunge lilikuwa limeshatangulia, mwaka 2006 Rais Bush alitia saini sheria iliyopandisha kiwango cha juu cha faini kutoka dola 32,500 hadi 325,000 kwa kosa moja. Zidisha mara 10 uone kwa nini vituo vikawa vinaogopa kivuli chao.

"Wamarekani nusu milioni waliandika kwa hasira"

Tume ilihesabu malalamiko zaidi ya 540,000, hiyo namba ni ya kweli. Lakini CBS waliiambia mahakama kwamba zaidi ya asilimia 85 zilikuwa fomu zilizoandaliwa na vikundi vya kampeni, wewe unaweka jina unatuma, na mengine yalijirudia. Simaanishi walioumia hawakuwepo, wazazi waliokuwa wamekaa na watoto wao walikuwa na haki ya kukasirika, mechi inarushwa jioni ya Jumapili na hakuna aliyewaonya. Ninachokataa ni kuichukua ile namba kana kwamba ni watu nusu milioni, kila mmoja amekaa akaandika ya moyoni mwake.

"Wote wawili waliadhibiwa sawa"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote.

Wiki moja baadaye, tarehe 8 Februari 2004, zilikuwa tuzo za Grammy, kwenye CBS hiyohiyo. Timberlake alikuwepo, akaomba radhi jukwaani, akaondoka na tuzo. Janet hakuwepo. Yule aliyevuta nguo alipanda jukwaani, aliyevuliwa alibaki nyumbani, na tayari alikuwa ameshaomba radhi kwa maandishi na kwa video. Mwaka 2018 Timberlake akapewa shoo nzima ya mapumziko ya Super Bowl, peke yake. Februari 2021 ndo akaandika hadharani kumwomba radhi Janet pamoja na Britney Spears, akikiri kwamba mfumo ulimbeba yeye kama mwanaume mzungu. Miaka 17. Mtu akisema "mbona yaliisha sawa" naomba aangalie hizo tarehe tena taratibu, kisha aangalie shoo zilizofuata: 2005 Paul McCartney, 2006 Rolling Stones, kisha Prince, Tom Petty, Bruce Springsteen, The Who. Miaka sita mfululizo hakuna mwanamke hata mmoja aliyekuwa ndiye mwenye shoo. Huwezi kuniambia hiyo ilikuwa adhabu kwa titi moja tu.

"Chochote cha kimahaba kwenye mechi ni kosa kisheria"

Si kweli, na ushahidi ni wa mwaka uleule. Novemba 2004 ABC, kampuni nyingine ya televisheni, walifungua mechi ya Jumatatu usiku, Philadelphia Eagles na Dallas Cowboys, kwa kipande kilichotengenezwa kutangaza tamthilia yao. Mwigizaji Nicollette Sheridan yuko chumba cha kubadilishia nguo, amejifunga taulo, anamtongoza Terrell Owens, mchezaji wa Eagles, asiende uwanjani, anaiachia taulo inaanguka, kamera inaonyesha mgongo wake. Kelele zikawa nyingi, NFL, yaani ligi yenyewe, wakalalamika, ABC wakaomba radhi. Machi 2005 tume ikaamua: hakuna kosa. Hakuna kiungo kilichoonyeshwa, hakuna tendo lililoonyeshwa.

Shakira na Jennifer Lopez kwenye shoo ya mapumziko ya Super Bowl mwaka 2020 kule Miami vilevile, malalamiko zaidi ya 1,300 yalifika kwenye tume kuhusu nguo na mauno yao, na hakuna faini iliyotoka. Kutokupenda kitu ni jambo moja, kitu kuvunja sheria ni jambo lingine, na watu wanayachanganya haya kila mwaka.

Tena hiyo sheria ina mipaka ambayo wengi hawaijui. Inahusu vituo vya masafa ya wazi, vile vya antena. Chaneli za kebo na setilaiti za kulipia hazibanwi nayo. Na hata kwenye antena, marufuku ya mambo ya aibu ni kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, nje ya hapo kuna uhuru zaidi, isipokuwa uchafu wa kupindukia ambao haulindwi saa yoyote. Na tume hairuhusiwi kukagua kipindi kabla hakijarushwa, inasubiri kirushwe, ilalamikiwe, ndipo ichunguze. Kwa hiyo "serikali ilikuwa wapi wasizuie" ni swali lisilo na mwenyewe.

"Siku hizi matangazo yanacheleweshwa sekunde kadhaa, haiwezi kutokea tena"

Kwanza hata 2004 CBS walikuwa na uchelewesho wa sekunde tano, ila wa sauti tu, walijiandaa kwa matusi, picha hawakuifikiria. Na mwaka 2012 NBC, waliorusha Super Bowl ya mwaka huo, walikuwa wamejipanga, bado rapa M.I.A. akainua kidole cha kati, ishara ya tusi, kwenye shoo ya Madonna na ule ukungu wa kuficha picha ukaja umeshachelewa. Kuna mtu anabonyeza kitufe, na mtu anachelewa.

Pia si kila kitu kinapitia mlango wa mbele. Super Bowl ya 2009, wateja wa Comcast, kampuni ya televisheni ya kebo, mjini Tucson, Marekani, waliwekewa filamu ya ngono kama nusu dakika dakika za mwisho za mechi, mtu alichezea mitambo, kampuni ikawarudishia dola 10 kila mmoja. Na Januari 2023 kwenye BBC, mtangazaji Gary Lineker anaongea kabla ya Wolves na Liverpool ya Kombe la FA, ghafla sauti za mahaba zinasikika studio nzima, kumbe kuna simu imefichwa pale na mtu wa mizaha. BBC wakaomba radhi. Hizo hakuna kanuni ya mavazi wala maadili ya msanii ingezizuia.

"Shida ni wasanii, michezo yenyewe ni misafi"

Hapa ndo tunapodanganyana sana. Tunapigia kelele nusu sekunde ya mapumziko, wakati klozapu, yaani picha za karibu kabisa, za makalio ya wachezaji wa voliboli ya ufukweni tumezitazama kwa miaka tukaziita matangazo ya michezo. Mpaka ilipofika 2012, kabla ya Olimpiki ya London, ndipo shirikisho la voliboli likaruhusu wanawake wa ufukweni kuvaa kaptula na fulana zenye mikono kama wanapenda, kabla ya hapo ni bikini au vazi zima la kubana mwili. Julai 2021 timu ya Norway ya mpira wa mikono wa ufukweni ilikataa bikini ikavaa kaptula kwenye mashindano ya Ulaya kule Bulgaria, wakapigwa faini ya euro 1,500, euro 150 kila mchezaji. Fikiria hilo vizuri: kule Marekani faini ilikuwa kwa sababu mwili umeonekana, huku faini kwa sababu mwili umefunikwa, na mara zote mbili ni mwili wa mwanamke unaobishaniwa. Mwaka huohuo shirikisho la kimataifa lilibadilisha ile kanuni baada ya makelele.

Kuhusu kamera, FIFA wenyewe walikiri. Wakati wa Kombe la Dunia 2018 Urusi, Federico Addiechi, aliyekuwa anashughulikia masuala ya utofauti na usawa pale FIFA, alisema wameshawaambia baadhi ya watangazaji wapunguze kuwavutia kamera wasichana warembo majukwaani. Unajua ile picha: mpira umetoka, kamera inatambaa kwenye viti, inapita wazee, inapita watoto, inamkuta dada mmoja na kusimama pale sekunde nne, tano. Huyo dada hakuomba, hana mkataba, hajui hata kama yuko hewani. Hakuna malalamiko 540,000 kuhusu hilo.

Olimpiki nako Yiannis Exarchos, mkuu wa kitengo kinachorusha michezo yenyewe duniani, alisema kabla ya Tokyo kwamba hamtaona tena zile picha za kukaribia sehemu za mwili kama zamani. Miaka mitatu baadaye, Paris 2024, ikabidi arudie maelekezo kwa wapiga picha wake: wanawake wapigwe kama wanavyopigwa wanaume. Alieleza kwamba kwenye baadhi ya michezo wanawake bado wanapigwa klozapu nyingi kuliko wanaume, na kwamba wengi wa wanaoshika zile kamera ni wanaume.