Hoja katika swali la riwaya: maana yake, sehemu zake na namna ya kuiandaa

Katika mtihani wa Kiingereza wa kidato cha nne, hoja ni sentensi moja inayojibu swali la riwaya kwa namna ambayo mtu mwingine aliyesoma kitabu hichohicho angeweza kuibishia. Nyuma yake hufuata tukio la kitabuni linaloithibitisha, kisha maelezo ya jinsi tukio hilo linavyolijibu swali. Hivyo hoja kamili ina sehemu tatu: dai, tukio na ufafanuzi. Mwanafunzi wa kawaida huja na moja tu, na karibu kila mara ni tukio, kwa sababu hadithi ndiyo inayobaki kichwani baada ya kufunga kitabu.

Tuchukue Weep Not, Child ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1964, riwaya ambayo imesomwa kidato cha tatu na cha nne kwa miaka mingi. Tuseme swali linataka uonyeshe jinsi vijana wanavyoshindwa kutimiza ndoto zao. Mmoja ataandika "Elimu". Hiyo ni mada, bado hajasema lolote kuihusu. Wa pili ataandika kwamba Njoroge, kijana ambaye ndiye mhusika mkuu, alitolewa na polisi katika shule ya Siriana. Hilo ni tukio, tena la kweli, lakini halijajibu chochote. Wa tatu ataandika kwamba Njoroge anapoteza shule kwa sababu ya ugomvi wa ardhi wa watu wazima, wakati darasani alikuwa anafanya vizuri. Huyu ana hoja. Mtu anaweza kumbishia kwamba Njoroge alijiponza mwenyewe kwa kuishi ndotoni mno, na kwa kuwa inabishika, lazima ithibitishwe. Kazi ya kuithibitisha ndiyo msahihishaji anayoitafuta.

Ukitaka kuipima hoja yako kabla ya kuiandika, tafuta ndani yake "kwa sababu" au "kwa kuwa". Ikiwa haimo na haiwezi kuingia, huenda umeshika mada au tukio.

Hoja iliyokamilika kwenye karatasi huonekana hivi (Jacobo ni tajiri mwenye ardhi ambayo familia ya Njoroge inaishi juu yake, na homeguard ni askari wenyeji waliokuwa upande wa serikali ya kikoloni):

"Njoroge loses his schooling because of the fight over land. Police officers take him from Siriana after Jacobo is killed, and he is beaten at the homeguard post. He has done nothing wrong, but his father's old quarrel with Jacobo follows him to school. So the conflict destroys the hope of a boy who only wanted to learn."

Sentensi ya kwanza ni dai. Ya pili ni tukio: nani, wapi, lini, nini. Mbili za mwisho ni ufafanuzi, na ya mwisho kabisa inarudi kwenye maneno ya swali, yaani tumaini la kijana. Kiingereza chake ni chepesi na sentensi ni fupi, na inatosha hivyo. Mwanafunzi anayejaribu kuandika sentensi ya mistari minne ili aonekane msomi huishia kuipoteza katikati, na msahihishaji naye anapotea.

Aya hii ina maneno kama 58, na urefu huo una sababu. Pepa ya saa 3 yenye alama 100 inakupa chini kidogo ya dakika 2 kwa kila alama, kwa hiyo swali la alama 15 lina dakika 27. Maswali ya sehemu hii mara nyingi hutaka vitabu viwili na hoja tatu kwa kila kitabu, maana yake hoja sita. Toa dakika 4 za kupanga na 3 za utangulizi na hitimisho, unabaki na 20. Kila hoja ina dakika tatu na kidogo. Kwa mwandiko wa kawaida hiyo ni maneno 50 hadi 60. Anayetumia ukurasa mzima kwa hoja ya kwanza ataifikia ya nne msimamizi akiwa anakusanya karatasi.

Sasa maandalizi. Shule nyingi za Nyanda za Juu Kusini hazina nakala ya riwaya kwa kila mwanafunzi. Kitabu kimoja kinaweza kuzungukia dawati zima, na huko Makete au Njombe mwezi wa sita na wa saba hakuna anayetaka kukaa prepo akigeuza kurasa kwa vidole vilivyokufa ganzi. Njia rahisi ya kuziba pengo hilo huwa pamfleti, vile vijitabu vya uchambuzi vinavyouzwa madukani Mwanjelwa jijini Mbeya na Miyomboni mjini Iringa, au madesa yanayopita kutoka darasa hadi darasa. Pamfleti ina matumizi yake: inakukumbusha majina na mpangilio wa matukio. Ila inakupa mada zikiwa zimeorodheshwa, na orodha hiyo haijui swali litakalokuja. Aliyekariri "betrayal, poverty, conflict, hope" atazimwaga zote nne hata swali likiuliza nafasi ya baba katika familia, sawa na muuzaji anayekumwagia gunia zima la viazi ulipoagiza sahani moja ya chipsi. Isitoshe, darasa zima likikariri pamfleti moja, makosa ya pamfleti hiyo yanajirudia kwenye karatasi zote.

Soma kitabu mara mbili. Mara ya kwanza soma bila kalamu, upate kisa tu. Mara ya pili soma ukiwa na daftari, na kwa kila riwaya chagua matukio 12, wala usizidishe. Kila tukio lipewe mistari minne: wapi na lini katika kisa, nani wapo, nini kinatokea, na kinaleta matokeo gani. Mstari wa nne ndio wenye thamani zaidi, kwa sababu ufafanuzi wa hoja hutoka humo, na ndio ambao wanafunzi huuacha wazi.

Tazama tukio moja tu, ule mkutano wa mgomo. Wafanyakazi wamekusanyika, Jacobo analetwa awaambie warudi kazini, na Ngotho, baba yake Njoroge, mzee mpole ambaye hakuna aliyetarajia atafanya kitu, anainuka kumvamia. Kunatokea vurugu. Matokeo yake Ngotho anapoteza kazi kwa bwana Howlands, mlowezi wa Kizungu, anafukuzwa pale alipokuwa akiishi kwenye ardhi ya Jacobo, na Nganga yule seremala ndiye anayempa mahali pa kujenga. Hapo una hoja ngapi? Swali likiwa la usaliti, unamtumia Jacobo anayesimama upande wa wenye mashamba dhidi ya watu wake. La ardhi, unaonyesha kwamba mtu asiye na ardhi yake anaweza kufukuzwa kazini na nyumbani kwa kosa moja. La nafasi ya mzazi, unaonyesha baba anayetaka kurudisha heshima yake mbele ya wanawe, hasa Boro anayemlaumu kwa kukaa kimya, na anaishia kuwaletea shida zaidi. La mshikamano, Nganga anatosha. Tukio moja limejibu maswali manne. Ndiyo maana 12 yanatosha, na ndiyo maana kukariri mada ni kupoteza muda: mada huletwa na swali lenyewe, wewe leta matukio.

Daftari hilo lina faida nyingine. Likizo ya mwezi wa sita huangukia wakati wa kuvuna mahindi, na kitabu cha shule mara nyingi hakiruhusiwi kutoka maktaba. Kurasa tatu za matukio zinaingia mfukoni.

Kuhusu nukuu, ushauri wetu unaweza usiwafurahishe walimu wote: usijisumbue kukariri sentensi ndefu za mwandishi. Nukuu iliyokosewa maneno inaonekana mbaya kuliko tukio lililoelezwa vizuri kwa maneno yako. Kama unazo mbili tatu fupi unazozikumbuka kwa uhakika, zitumie.

Majina yanastahili dakika zake. Ndani ya riwaya hii wamo Njoroge, Ngotho, Nganga, Njeri na Nyokabi, wote wanaanza na herufi moja, na kwenye chumba cha mtihani wanachanganyika kwa urahisi wa ajabu. Chora mti wa familia ukurasa wa kwanza wa daftari. Ngotho ana wake wawili. Njeri ndiye mama wa Boro, Kori na Kamau. Nyokabi ni mama wa Njoroge na wa Mwangi aliyekufa vitani. Ukiandika kwamba Njeri ndiye aliyempeleka Njoroge shule, umemwonyesha msahihishaji kuwa kitabu hukukisoma vizuri, hata kama hoja yako ilikuwa nzuri.

Jambo linalokwenda na majina ni "he" na "she". Kiswahili chetu kina "yeye" mmoja kwa wote, na Kinyakyusa, Kihehe na Kibena ni hivyohivyo, kwa hiyo mkono ukiwa na haraka humgeuza Mwihaki, binti wa Jacobo, kuwa mvulana mstari wa tatu. Baada ya kumaliza insha, pitia mara moja ukiangalia neno hilo tu. Katika kupitia huko utayakuta na makosa mengine mawili yanayojirudia mara nyingi: kurudia kiima, kama "Njoroge he loves school", na "did not went" badala ya "did not go". Kuhusu wakati, unaposimulia matukio ya kitabuni chagua wakati uliopo au uliopita, kisha ubaki nao mpaka mwisho.

Ndani ya chumba cha mtihani anza kwa kulikata swali vipande vitatu: linakuamuru nini, kuhusu nini, na kiasi gani. "Discuss" inakuruhusu kukubali na kupinga. "Justify" imeshakuamulia upande, kazi yako ni kuuthibitisha tu. Kiasi ni idadi ya vitabu na ya hoja, pamoja na aina ya kitabu: riwaya, tamthilia au mashairi. Kosa la kutumia tamthilia pale palipotakiwa riwaya hutokea kila mwaka, na aya nzuri sita haziwezi kulifuta. Orodha ya vitabu na waandishi wake huchapwa kwenye pepa yenyewe, kwa hiyo nakili jina herufi kwa herufi, lipigie mstari chini, na usibahatishe tahajia. Hakikisha pia na mwalimu wako mapema kwamba vitabu mlivyosoma vimo kwenye orodha ya mwaka wenu, kwani hubadilika.

Dakika nne za kupanga zitumie kuandika maneno mawili matatu kwa kila hoja: jina la mhusika na tukio. Utangulizi uwe wa sentensi mbili au tatu: taja vitabu na waandishi, kisha sema msimamo wako kuhusu swali. Wapo wanaofundishwa kuanza na maana ya riwaya kwa jumla. Sentensi moja haidhuru, lakini aya nzima ya maana ya riwaya ni muda ulioibiwa kutoka kwenye hoja.

Maswali mengine huongeza kwamba uonyeshe jinsi kitabu kinavyohusiana na jamii yako. Hapo ndipo wa Iringa anapoanza kumwandika Mkwawa na vita vya Lugalo mwaka 1891, na wa Mufindi au Rungwe anaeleza mashamba ya chai kurasa mbili. Hayo ni mazuri kwenye pepa ya historia. Hapa sentensi moja ya jamii yako kwa kila hoja inatosha, nayo ikae mwisho wa ufafanuzi, baada ya tukio la kitabuni. Ikitangulia, inameza nafasi ya kitabu. Jihadhari pia na ile sentensi ya "katika jamii yetu ya leo elimu ni muhimu sana", ambayo inaweza kuandikwa na mtu ambaye hajawahi kukishika kitabu.

Muda ukikukimbia na bado una hoja mbili, usiikuze moja ukaiacha nyingine. Andika dai na tukio kwa kila moja, sentensi mbili mbili, acha ufafanuzi. Hitimisho nalo liwe sentensi moja inayorudia msimamo wako kwa maneno tofauti, na kama dakika haipo kabisa, bora likosekane kuliko hoja ya sita.