Picha isiguse kioo

"Ibane kabisa kwenye kioo, fundi, isiingie vumbi." Kila anayetengeneza fremu Kisumu ameyasikia maneno haya mpaka yamemchosha. Vumbi hufutika. Picha iliyoganda kwenye kioo haibanduki.

Uso wa picha za studio za zamani, zile za nyanya na babu za rangi nyeusi na nyeupe, una utando wa jelatini. Jelatini hunyonya unyevu wa hewani, huvimba na kulainika kama gundi. Hapa kando ya ziwa, hasa mvua za Machi hadi Mei, unyevu haukosekani. Usiku ukuta wa nje hupoa, mvuke hugeuka matone ndani ya fremu, na picha huyanywa. Mchana joto hurudi, jelatini hukauka, nayo imeshashika kioo. Itazame kwa ubavu: ukiona mabaka yanayong'aa kama tone la mafuta juu ya maji, imeanza kuganda.

Kinachohitajika ni nafasi. Weka kadibodi ya milimita 2 iliyokatwa dirisha katikati, baina ya picha na kioo. Usipoipenda, ficha vipande vyembamba vya plastiki vya milimita 3 chini ya ukingo wa fremu. Picha ishikwe kwa vijipembe vya karatasi vinavyovishwa kwenye kona zake, si selotepu wala gundi, maana karatasi hutanuka na kusinyaa na lazima ipate pa kusogea. Nyuma, bandika vipande viwili vya raba vya milimita 5 kwenye pembe za chini ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta.

Ikiwa imeshaganda, tafadhali usiivute, usiipashe moto, usipenyeze wembe. Sura ya babu itabaki kwenye kioo na wewe utabaki na karatasi tupu. Itoe pamoja na kioo chake na uipige picha hivyo hivyo: zima flashi, mwanga wa dirisha uje kwa ubavu, na nyuma ya simu pawe na kitambaa cheusi kuzuia mng'ao. Ukutani itundikwe nakala. Picha halisi ikae kabatini, kwenye bahasha ya karatasi. Hata ambayo haijaganda, ningeitunza hivyo.

Kuilaminisha je? Hapana. Ile plastiki haitoki tena, na unyevu ukipenya pembeni hubaki humo.

"Kioo kitazuia jua." Kioo cha kawaida hupitisha mwanga mwingi unaopausha rangi. Huku karibu na ikweta, jua hupiga kuta za mashariki asubuhi na za magharibi jioni mwaka mzima. Ukuta unaomulikwa saa kumi jioni usiuwekee picha ya rangi.

"Ya WhatsApp inatosha, ikuze tu." Ikishabanwa hadi pikseli 1600 upande mrefu, huchapika vizuri kwa takriban inchi 5, ukihesabu nukta 300 kwa inchi. Kwenye karatasi ya A3, mara mbili ya A4, unabaki na nukta 97 hivi kwa inchi, na nyuso huwa ukungu. Mwenye picha aitume kama dokumenti.

Na zile zinazotundikwa chini ya dari zishusheni. Katikati ya fremu iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Juu ya kochi, acha sentimita 15 hadi 20 kutoka mgongo wake. Msumari hupasua plasta, kwa hiyo toboa kwa drili ya milimita 6, ingiza plagi ya plastiki, kisha skrubu.