Terminali za ARPANET hazikuwa za kuchomeka tu

Wengi hudhani kwamba ARPANET, mtandao wa awali wa kompyuta, ilipoanza Marekani mwaka 1969, terminali yoyote, yaani mashine ya kuandikia amri na kupokea majibu ya kompyuta, ilichomekwa ikafanya kazi. Sivyo. Terminali ya Teletype Model 33 ilichapa kwenye karatasi herufi 10 kwa sekunde, tena herufi kubwa tupu. Nyingine, IBM 2741, ilikwenda karibu 15, na haikutumia hata ASCII, msimbo wa kawaida wa kugeuza herufi kuwa namba.

Ugumu ulionekana kwenye karatasi yenyewe. Kichwa cha kuchapia cha Teletype kilihitaji takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kurudi mwanzo wa mstari. Herufi inayofuata ikifika mapema, inachapwa kikiwa bado njiani, na unaikuta katikati ya ukurasa. Ndiyo maana ilitumwa amri ya kurudi kwanza, kisha ya kushuka mstari: hiyo ya pili ilinunua muda. Mpaka leo, Telnet, yaani kanuni za kutumia kompyuta ya mbali kupitia mtandao, humaliza mstari kwa amri hizo mbili, na mimi naona ni urithi wa kuheshimiwa.

Suluhisho halikuwa kufananisha mashine. Telnet ilibuni terminali moja ya kufikirika, kila upande ukatafsiri lugha yake kwenda humo. Na kifaa cha TIP, cha mwaka 1971, kilichounganisha terminali na mtandao moja kwa moja, kiliweza kupokea hadi terminali 63.