Mgagani: maswali kuhusu mboga chungu na dawa

Mgagani ndio upi hasa?

Huota wenyewe mvua zikianza, hasa penye samadi karibu na zizi. Jani lake limegawanyika kama vidole vitano. Shina lina vinyweleo vinavyonata, na ukilisugua mkononi harufu yake haitoki upesi. Kenya wengi huuita saga. Wakisii husema chinsaga, na mama aliyejifungua hupikiwa ili apate nguvu.

Ni kweli unaongeza damu?

Una madini ya chuma na foleti (aina ya vitamini B), na vyote viwili mwili huvihitaji kutengenezea damu. Tatizo ni kwamba chuma cha mboga za majani hufyonzwa kwa shida. Kula na nyanya, ndimu au chungwa, maana vitamini C hukisaidia kuingia mwilini. Chai ya kushushia chakula hukizuia, nasi tunaipenda mno! Ngoja ipite saa moja hivi baada ya kula ndipo uinywe. Mjamzito asiache vidonge vya kliniki kwa sababu anakula mgagani. Na mtu anayehema akitembea kidogo tu, viganja vimepauka, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Uchungu nitautoaje?

Uchume kabla haujatoa maua. Wengi huchemsha na kumwaga maji mara mbili, mara tatu. Uchungu huondoka, lakini vitamini C nayo inamwagwa. Mimi nashauri njia ya maziwa. Osha majani kabla ya kukata, yachemshe kwa maji machache, kisha mimina maziwa na uache yatokote polepole mpaka yawe mazito. Yakilala hadi kesho yake, uchungu hupungua zaidi. Asiye na maziwa atie karanga za kusaga au tui la nazi, au achanganye na mchicha.

Mtoto akiumwa sikio, nimkamulie majani yake?

Hapana, tafadhali. Wazee wengi walifanya hivyo kwa nia njema, lakini huwezi kuona kama ngoma ya sikio imetoboka, na maji ya majani mabichi si safi. Mpeleke zahanati, hasa sikio likitoa usaha.

Na kubandika majani kichwani kikiuma?

Majani yaliyopondwa huchoma ngozi. Yakikaa muda mrefu huleta malengelenge.

Nichume popote?

Epuka kando ya barabara kuu, majalala, na mashamba yaliyopigwa dawa.